Kanda Yangu Imepona, Nalalamika

Nerys Prosser,
Nambari 14, Mtaa wa Kanisani,
Cwm Hesgin.

Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Bwana Idris Probert,
Mwenyekiti,
Jumba la Kompyuta za Nyumbani na Vipindi vya Watoto,
Ukumbi wa Zamani wa Kanisa,
Cwm Hesgin.

Ndugu Mwenyekiti (na mwalimu wangu wa Darasa la Sita),

YAH: KULALAMIKIA KITENDO CHA KUTENGENEZEWA KITU CHANGU HADI KIKAFANYA KAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na paa la ukumbi limeacha kuvujia meza ya vitabu. Mimi sijambo, isipokuwa hasira. Nimeona nikuandikie kwa sababu ana kwa ana ungenikaribisha chai, ningekunywa, na malalamiko yangu yangeishia kwenye kikombe kama ilivyotokea mwezi wa Mei.

Sina chuki na jumba lenu la makumbusho. Kila Jumamosi nipo, nasaini kitabu cha wageni, na keki za kikaangoni zinazoliwa na wajitolea wako nazioka mimi. Lakini mwenye kupenda ndiye mwenye haki ya kulalamika, na mimi nina haki sita.

1. Televisheni zenu hazina mwenyewe. Mtoto anaingia, anakaa, anacheza saa nzima, na hakuna kiumbe anayemwambia aondoke. Hayo ndiyo mnayoyaita maisha ya mwaka 1983? Kwetu televisheni ilikuwa moja, kompyuta haikuwa na kioo chake, na televisheni ilikuwa ya Baba. Ukiwa umebakiza hatua moja umalize mchezo, unasikia ndara zikikokota ukumbini. "Ondoeni hilo dude, Wales wanaingia uwanjani!" Unamwomba dakika kumi. Anakujibu, "Dude lenu halina miguu, halitakimbia. Mpira ndio unaokimbia." Kisha anachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ya mchana mzima inakwenda na maji. Napendekeza muajiri mzee mmoja mwenye ndara, awe anaingia kila baada ya dakika ishirini na kuchomoa. Mume wangu Dilwyn yuko tayari kujitolea. Ndara anazo.

2. Kompyuta zenu zimetulia mno. Yetu ilipata homa. Ikifika nusu saa ilikuwa moto kiasi cha kupasha soksi, na ikizidi hapo ilisahau kila kitu, kwa hiyo tuliiwekea chupa ya maziwa baridi mgongoni. Lile kopo la nyuma la kuongeza kumbukumbu lilikuwa likilegea mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu, tukalibana kwa ulimbo wa Baba wa kuzibia madirisha. Mwaka ule mimi na mdogo wangu Geraint tulitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe, kana kwamba kuna mtoto mchanga aliyelala. Kwenu watoto wanarukaruka na hakuna kinachopotea.

Na kuandika je? Programu tulizipata kwenye majarida, kurasa nne za herufi ndogo, na ilibidi uziandike zote mwenyewe. Mimi nilisoma, Geraint aliandika. "Mkato." "Nimeweka." "Siyo hapo, bwege, baada ya namba." "Ulisema hapo." "Sikusema hapo." Saa tatu hivyo, halafu unakuta jarida lenyewe ndilo lililokosea. Nakwambia kweli, Mwalimu, sisi hatukupata kupatana tena kama tulivyopatana miezi ile tukigombana. Wageni wenu hawaandiki hata mstari mmoja. Wanabonyeza tu.

3. Saa. Mnaonyesha vipindi vya shule vya zamani, jambo jema, lakini mnaanza na kipindi chenyewe. Iko wapi ile saa iliyotangulia kwenye kioo cha televisheni, yenye nukta zilizotoweka moja moja huku muziki unapigwa? Wewe mwenyewe ulikuwa ukisukuma lile kabati la televisheni lenye magurudumu, refu kuliko wewe, na gurudumu moja lililokuwa likilia hadi darasa la tatu. Unafungua milango yake, unawasha, na sisi thelathini na wawili tunahesabu nukta kwa sauti hadi ya mwisho. Kusema kweli kipindi chenyewe sikumbuki hata kimoja, labda kile cha viluwiluwi. Saa naikumbuka yote.

Nitakukumbusha pia kwamba mimi ndiye uliyenipa kazi ya kufunga mapazia na kutuliza darasa. Kwenye ripoti yangu ya mwisho wa mwaka uliandika kwamba Nerys anapenda utulivu kupita kiasi, na kwamba wenzake wanausikia upendo huo hadi uwanjani. Mama aliibandika jikoni. Hadi leo naichukulia kuwa ni sifa.

4. Sasa tuje kwenye kanda, ambayo ndiyo mzizi wa fitina.

Unakikumbuka kile kipindi cha kufundisha watoto kompyuta, "Bonyeza Tuone", kila Jumatano saa kumi na moja kasorobo. Mwishoni, yule mtangazaji wa sweta la mistari alisema, "Haya watoto, tayarisheni kaseti zenu," kisha televisheni ikatoa mlio mkali wa dakika nne, kama birika lililochemka likasahauliwa. Mlio ule ndio uliokuwa programu yenyewe. Ukiunasa vizuri kwenye kanda na kuisikilizisha kompyuta, umepata mchezo. Wenye waya wa televisheni walichomeka waya. Sisi tulikuwa na ule wa kompyuta tu. Tuliiweka redio ya kaseti ya Mama juu ya kigoda, ikaitazama spika ya televisheni, na nyumba nzima ikafunga midomo. Neno moja likiingia, programu imekufa, na kompyuta itaandika KOSA bila maelezo zaidi.

Jumatano ninayoizungumzia, mwezi wa Machi 1983, kilikuwa kipindi cha mwisho. Mchezo uliotangazwa ulikuwa wa kondoo wanaovuka daraja, na yule wa sweta alishatuambia hautarudiwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimeungoja wiki sita. Baba alimtoa mbwa uani na yeye mwenyewe akabaki huko. Mama, ambaye aliimba tenzi tangu anaamka hadi analala, alizima jiko na kuzima mdomo. Geraint alikuwa na miaka tisa na mafua. Nasisitiza mafua.

Tulipoipeleka kanda kwenye kompyuta, ambayo huisikia kwa waya nasi hatusikii kitu, ikaandika KOSA. Tukarudia mara tisa, KOSA mara tisa.

Kesi ilisikilizwa usiku uleule, mezani, mkate na maharage vikiwa bado kwenye sahani. Hakimu alikuwa Baba. Nilitoa ushahidi kwamba nilimsikia Geraint akivuta pua, tena kwa makusudi. Geraint akasimama juu ya kiti. "Siyo mimi! Haki ya Mungu siyo mimi!" Mama alipoulizwa alichosikia alisema, "Mimi mniache, nilikuwa jikoni." Baba akahukumu: Geraint ataosha vyombo vya chakula cha Jumapili hadi Krismasi. Hiyo ni Jumapili arobaini.

Hapa naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba adhabu haikutekelezwa sawasawa. Kila Jumapili Mama alikuwa akichukua kitambaa kwenye ndoano yake, akasimama kando ya mfungwa, akamfutia vyombo kimoja kimoja huku wakiimba, na kabla hajamwachia akamchomekea keki mfukoni. Mfungwa gani huyo anayepewa keki? Mimi niliyedhulumiwa nilikaa sebuleni peke yangu, nikiwasikia wanacheka. Nilimwambia Mama waziwazi kwamba anapendelea. Akasema, "Vyombo ni vingi, mwanangu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kanda Mama aliificha usiku uleule, kabla hatujaisikiliza kwa masikio. "Kesi imekwisha, na kanda imekwisha." Miaka arobaini na mmoja hatukuiona. Machi mwaka huu, wiki moja baada ya kumzika Mama, nilifungua bati lake la biskuti la kuwekea vifungo, na chini ya vifungo ndiyo hiyo, imeota ukungu mweupe. Nikaitia kwenye redio yake, redio ikaitafuna. Nikaileta kwenu. Fomu yenu inauliza, "Tatizo ni nini?" Nikaandika: Haifanyi kazi. Inauliza, "Unataka nini?" Nikaandika: Ifanye kazi. Hilo ndilo kosa langu pekee katika jambo hili lote.

Jumanne mmenirudishia mfuko, na ndani kuna kanda mpya inayong'aa na barua yako. Nanukuu: "Katikati programu ilikuwa imeharibiwa na sauti za watu. Nimeziondoa sauti, na mistari iliyopotea nimeijaza kwa kubahatisha. Imenichukua Jumamosi tatu. Sasa inafanya kazi." Sikusoma zaidi. Mfuko niliutupa nyuma ya mlango, na kanda nikaipeleka kwenye kompyuta yetu ileile, ambayo Dilwyn ameishusha darini.

Inafanya kazi. Kondoo kumi na wawili wanavuka daraja. Kondoo wenyewe ni vidoa vyeupe vyenye miguu miwili, maana miguu minne ilikuwa gharama. Unawahesabu, unaandika 12, na kioo kinakwambia: VIZURI SANA, MTOTO MWEREVU. Basi, ni hivyo tu. Nina miaka hamsini na miwili, Mwalimu. Kwa ajili ya hao kondoo nilimnunia mdogo wangu kuanzia majira ya kuchipua hadi theluji ikaanguka.

5. Umeharibu ushahidi. Geraint sasa ni mtu mzima mwenye upara na gari lenye jina lake ubavuni, lakini mweke mbele ya sinki lolote atasema, "Siyo mimi." Siku ya mazishi, baada ya chai, alibeba sahani hadi jikoni, akakunja mikono ya shati, akageuka mlangoni akasema, "Naosha, lakini siyo mimi." Watu wote wakacheka na macho yao mekundu. Mimi sikucheka.

Jumapili hii ni siku ya kuzaliwa ya Mama, ya kwanza bila yeye. Mezani kwangu nitakuwa na watu kumi na watatu. Nimeshawatangazia kwamba baada ya nyama ya kondoo na kabla ya wali wa maziwa tutasikiliza kanda, na ukweli utajulikana. Nilimwandikia Geraint kwenye simu: "Njia ya mwongo ni fupi, na inaishia Jumapili saa nane." Akanijibu: "Nitakuja. Nakula vizuri nikiwa sina hatia." Umeona jeuri hiyo? Nyani haoni kundule. Na sasa nitawasha nini mbele ya watu kumi na watatu? Kondoo? Ushahidi wote niliokuwa nao ulikuwa ndani ya zile "sauti za watu", nawe umezifagia kama makombo.

6. Hili nilisema sitaliandika.

Tunazo picha za Mama arobaini na kitu. Sauti yake hatuna hata moja. Ile mashine ya simu ya kupokea ujumbe aliikatalia, akisema hawezi kuzungumza na kabati. Kwaya ilirekodi mara moja tu, na siku hiyo aliumwa koo. Mimi nilifikiri kwamba, kwa kuwa alikuwa jikoni na mlango wetu wa jikoni haukupata kufunga vizuri, huenda kwa nyuma kabisa, chini ya ile pua ya Geraint, kungekuwa na mfuniko ukiwekwa, au kiti kikisogezwa, au amejisahau akaimba neno moja. Neno moja lingenitosha. Kwenye fomu yenu hakuna mahali pa kuandika jambo la namna hiyo, kwa hiyo sikuliandika. Najua si haki kukulaumu kwa nisichokwambia. Nakulaumu hivyo hivyo.

Kwa sababu hizo zote, naliomba Jumba lako tukufu:

(a) Lirudishe kosa kwenye kanda yangu, lote kama lilivyokuwa, kabla ya Jumapili saa sita mchana.

(b) Likishindwa, lithibitishe kwa maandishi na mhuri kwamba sauti iliyoondolewa ilikuwa ya mvulana wa miaka tisa mwenye mafua.

(c) Liajiri mzee wa ndara.

(d) Lirudishe saa yenye nukta.

Maombi haya yakipuuzwa nitalazimika kuwaandikia wazee wa kanisa, ambao ndio wenye ukumbi, na kwa muda wa uchunguzi keki za Jumamosi zitasitishwa. Silisemi hili kwa kutisha. Nalisema ili lijulikane.

Nisalimie mkeo Morfydd na goti lake pia, kwani nasikia nyumba yenu sasa magoti yote yanauma. Nisalimie wajitolea wote wa Jumamosi, yule bwana wa nyaya, na paka wa ukumbini anayelalia kibodi ya pembeni.

Wako katika kulinda makosa ya zamani,

Nerys Prosser

Nakala kwa:
Geraint, ajiandae.
Dilwyn, aisome akirudi na mbwa.

Baada ya kutia sahihi:

Mwalimu, ni saa mbili zimepita. Dilwyn aliuchukua ule mfuko nyuma ya mlango ili atilie viazi. Akaukung'uta, na kikaanguka kitu kilichofungwa kwa karatasi laini. Ni kanda yangu ya zamani, na juu yake kijikaratasi chenye wino wako mwekundu: "Nerys. Ya zamani nimeisafisha ukungu tu, sikufuta kitu. Ile inayofanya kazi ni nakala. Hii isikilize peke yako, kabla ya Jumapili. I.P." Naona hujaacha kusahihisha watu kwa upole.

Redio ya Mama nayo Dilwyn alikwisha kuitengeneza. Nikamtoa nje na mbwa, nikaketi, nikasikiliza.

Mlio unaanza vizuri. Unakwenda kama nusu dakika. Kisha inaingia sauti ya msichana, ya juu kuliko mlio wenyewe: "Nyamazeni! Geraint, usivute pua! Mnaniharibia! Mama, mwambie anyamaze!" Na hapo, karibu kabisa na redio, wala si jikoni, bali kwenye kochi nyuma ya bega langu, Mama anasema polepole, "Hakuna aliyesema neno, mwanangu. Ni wewe tu." Kisha anacheka kidogo puani. Baada ya hapo ni mlio hadi mwisho.

Geraint hasikiki popote. Nimeirudisha mara saba nikimtafuta. Hata pua hakuvuta, mtoto wa watu, na mafua yale.

Kwa hiyo Mama alijua. Aliniona niko mbele ya Baba nimevimba kwa uhakika wangu, akaamua kuwa jikoni. Halafu Jumapili arobaini akaenda kulipa yeye, kwa kitambaa na keki, na mimi nikamwita mpendeleaji, naye akaniambia tu vyombo ni vingi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimelia pia, lakini nusu ya kilio ilikuwa furaha, maana nilikuomba neno moja la Mama nawe umenipa saba na kicheko.

Tafadhali futa malalamiko yote sita. Futa ombi (a), na ombi (b) lichome moto. Ombi (c) lisimame, maana Dilwyn ameshazipiga ndara brashi, na (d) usiliguse, saa lazima irudi. Keki za Jumamosi zipo. Barua naituma kama ilivyo, kwa kuwa jarida likikosea hulirudii lote kuliandika, unasahihisha mstari mmoja.

Jumapili nitaiwasha kanda kama nilivyotangaza, baada ya nyama na kabla ya wali wa maziwa, kwa kidole changu mwenyewe, mbele ya wote kumi na watatu. Kisha vyombo nitaosha mimi, na Jumapili thelathini na tisa zitakazofuata. Geraint nitamwambia akae sebuleni, apumzike. Lakini kitambaa cha Mama nimekitundika kwenye ndoano yake, na namjua mdogo wangu: hatakaa.